Iran: Mohammad Mosaddegh, waziri mkuu aliyerudishia taifa petroli yake na kumaliza maisha chini ya ulinzi

Tarehe 5 mwezi wa tatu 1967, mzee wa miaka 84 alifariki mjini Tehran, katika hospitali iliyoanzishwa na mama yake mzazi. Aliacha ombi moja: azikwe karibu na raia waliouawa kwa risasi mwaka wa 1952, siku walipoingia barabarani kumtetea. Mfalme alikataa. Mwili ulipelekwa katika kijiji cha Ahmadabad, magharibi ya Tehran, na ukazikwa chini ya sakafu ya chumba kimoja cha nyumba ambamo mzee huyo alikuwa amefungiwa kwa zaidi ya miaka kumi. Serikali haikutaka umati wa watu, haikutaka hotuba, na haikutaka kaburi ambalo wakaaji wangeweza kulifanya mahali pa kukusanyikia.

Mzee huyo aliitwa Mohammad Mosaddegh. Aliongoza serikali ya Iran kwa miaka miwili na miezi minne tu, kuanzia mwezi wa ine 1951 hadi mwezi wa nane 1953. Katika muda huo mfupi aliondoa petroli ya inchi yake katika mikono ya Waingereza, akawashinda mbele ya korti ya kimataifa, kisha akaangushwa na mapinduzi yaliyopangwa na idara za ujasusi za Uingereza na Marekani. Matokeo ya mapinduzi hayo yanaonekana mpaka leo katika uhusiano mbaya kati ya Tehran na Washington.

Mtoto wa jamaa kubwa

Mosaddegh alizaliwa Tehran mwaka wa 1882. Baba yake alikuwa mkubwa katika idara ya feza ya ufalme, na mama yake alikuwa binti wa ukoo wa Qajar, ukoo uliotawala Iran wakati huo. Baba alikufa mtoto akiwa na umri wa karibu miaka 10. Kufuatana na desturi ya siku zile, kijana alirithi kazi ya baba: kabla ya kufikisha miaka 20 aliwekwa kusimamia hesabu za kodi katika jimbo la Khorasan, upande wa mashariki. Huko alijifunza mapema namna feza za serikali zinavyopotea njiani, kati ya mkulima anayetoa kodi na hazina inayoingojea.

Iran haikuwa koloni kwa jina, lakini wafalme wa Qajar walikuwa na madeni mengi, na kila deni lilifungua mlango kwa wageni. Upande wa kaskazini ulikuwa chini ya macho ya Warusi, na upande wa kusini chini ya macho ya Waingereza. Mwaka wa 1906 raia walimlazimisha mfalme kukubali katiba na bunge, ambalo Wairani wanaliita Majles. Mosaddegh alichaguliwa mbunge kutoka mji wa Isfahan, lakini hakuruhusiwa kukaa kwa sababu hakuwa bado na miaka 30 iliyodaiwa na sheria. Mwaka uliofuata, Urusi na Uingereza zilitia sahihi makubaliano ya kugawana maeneo ya uwezo ndani ya Iran bila kuwauliza Wairani. Mwaka wa 1908 bunge lilipigwa mizinga na kikosi cha mfalme kilichoongozwa na ofisa wa Urusi.

Kijana huyo aliondoka kwenda masomoni Ulaya. Alianza Paris, akarudi nyumbani kwa sababu ya ugonjwa, kisha akaenda Neuchâtel, Uswisi, ambako alipata udaktari wa sheria. Alirudi Iran mwaka wa 1914. Ugonjwa haukumwacha maisha yote: alikuwa anazimia, anatetemeka, na machozi yalimtoka haraka hata mbele ya watu. Baadaye magazeti ya Ulaya na Marekani yatamcheka kwa hayo na kwa tabia yake ya kupokea mabalozi akiwa kitandani, amevaa nguo za kulalia. Wairani wengi walimwona kwa jicho lingine: mzee aliyekuwa na uchungu na inchi na hakuficha.

Mtu wa sheria mbele ya mwanajeshi

Katika miaka ya 1920 alishika kazi nyingi: gavana wa Fars, waziri wa feza, gavana wa Azabajani ya Iran, waziri wa mambo ya inje. Mwezi wa pili 1921, ofisa mmoja wa jeshi, Reza Khan, aliingia Tehran na askari wake na kupindua serikali. Mosaddegh, akiwa gavana wa Fars, alikataa kuitambua serikali hiyo mpya, akajiuzulu na kwenda kujificha kwa kabila la Bakhtiari.

Mwaka wa 1925 bunge liliombwa limpe Reza Khan ufalme. Wabunge wachache sana walisimama kupinga, na Mosaddegh alikuwa mmoja wao. Hoja yake ilikuwa ya mwanasheria. Alikubali kwamba Reza Khan alikuwa ameleta usalama katika inchi. Lakini kufuatana na katiba, mfalme hatawali, mawaziri ndio wanaotawala na kujibu mbele ya bunge. Basi, kama Reza Khan akiwa mfalme atafuata katiba, inchi itapoteza waziri mkuu mwenye nguvu. Na kama atakuwa mfalme na tena aendelee kutawala, huo utakuwa udikteta. Bunge lilipitisha, na Reza Khan akawa Reza Shah, wa kwanza wa ukoo wa Pahlavi.

Miaka michache baadaye Mosaddegh aliachana na siasa na kujitenga katika shamba lake la Ahmadabad. Hata hapo hakuachwa. Mwaka wa 1940 alikamatwa na kupelekwa gerezani Birjand, mashariki kabisa ya inchi. Binti yake mdogo, aliyeona namna baba yake alivyokamatwa, aliugua akili na hakupona tena. Aliyemwombea baba huyo atoke gerezani alikuwa mwana wa mfalme, Mohammad Reza, kijana ambaye miaka 13 baadaye atatia sahihi karatasi ya kumfukuza.

Mwaka wa 1941, katika vita ya pili ya dunia, majeshi ya Uingereza na ya Umoja wa Kisovieti yaliingia Iran. Reza Shah alilazimishwa kuacha kiti cha ufalme, akapelekwa kisiwa cha Morisi, kisha Johannesburg, Afrika ya Kusini, ambako alikufa mwaka wa 1944. Mwana wake Mohammad Reza alirithi ufalme akiwa na miaka 21. Mosaddegh alirudi bungeni akiwa mbunge wa Tehran.

Petroli iliyouzwa kwa bei ya deni

Mambo ya petroli yalianza zamani. Mwaka wa 1901 mfalme wa Qajar alimpa tajiri William Knox D'Arcy, wa Uingereza, haki ya kutafuta na kuuza petroli karibu katika inchi yote kwa miaka 60. Iran ilipaswa kupata asilimia 16 ya faida. Mwaka wa 1908 petroli ilipatikana Masjed Soleyman, kusini magharibi, na mwaka uliofuata kampuni ya Anglo-Persian ikaundwa. Mwaka wa 1914 serikali ya Uingereza ilinunua zaidi ya nusu ya hisa, kwa sababu meli zake za vita zilikuwa zinaacha makaa ya mawe na kuanza kutumia mafuta. Tangu siku hiyo, kampuni iliyochimba Iran ilikuwa mali ya serikali ya London.

Reza Shah alijaribu kubadilisha mkataba, lakini mwaka wa 1933 alikubali mkataba mwingine uliorefusha muda mpaka mwaka wa 1993. Kampuni, iliyoitwa sasa Anglo-Iranian, ilikuwa na kiwanda kikubwa cha kusafisha mafuta huko Abadan, kikubwa kuliko vyote duniani wakati huo. Wazungu walikuwa na nyumba zao, bustani na mabwawa ya kuogelea. Wafanyakazi wengi wa Iran walilala katika vibanda bila maji wala umeme, katika mji ambamo joto linakaribia digri 50 wakati wa kiangazi. Iran haikuruhusiwa kukagua vitabu vya hesabu vya kampuni, kwa hiyo haikujua kwa hakika faida yenyewe ni kiasi gani. Lililojulikana ni kwamba, baada ya vita, hazina ya Uingereza ilikuwa inapata kodi nyingi kutoka kwa kampuni hiyo kuliko feza ambazo Iran, mwenye udongo, ilikuwa inapewa.

Watu wengine walifikiri kwamba njia ya kuwapunguzia Waingereza nguvu ni kuwapa Warusi petroli ya kaskazini. Mosaddegh alikataa. Mwezi wa kumi na mbili 1944 alipitishia bungeni sheria iliyokataza serikali yoyote kujadiliana na wageni juu ya mikataba mipya ya petroli bila bunge. Fikra yake ilikuwa kwamba mwenye kukatwa mkono mmoja hapati usawa kwa kukatwa na mkono wa pili. Mwaka wa 1947 bunge lilifuata njia hiyo na kuwanyima Wasovieti mkataba wa kaskazini.

Mwaka wa 1949 aliunda pamoja na wenzake muungano ulioitwa National Front, uliokusanya wanasheria, wafanyabiashara wa sokoni, walimu, wanafunzi na viongozi kadhaa wa dini. Mwishoni mwa mwaka wa 1950, inchi ya jirani, Saudi Arabia, ilipata mkataba wa kugawana faida nusu kwa nusu na kampuni ya Wamarekani. Waingereza walikuwa wamechelewa. Wairani hawakutaka tena kuongezewa asilimia, walitaka mali yenyewe.

Waziri mkuu Ali Razmara, jenerali aliyesema kwamba Iran haina bado uwezo wa kuendesha petroli yake, aliuawa kwa risasi msikitini tarehe 7 mwezi wa tatu 1951, na mtu wa kikundi cha dini chenye siasa kali. Siku chache baadaye, wabunge walipitisha sheria ya kutaifisha petroli, na tarehe 20 mwezi huo baraza la wazee likaikubali pia. Tarehe 28 mwezi wa ine bunge likamchagua Mosaddegh kuwa waziri mkuu.

Vita bila bunduki

Uingereza ilijibu kwa nguvu zake zote isipokuwa risasi. Ilituma meli za vita karibu na Abadan, ikazuia mali ya Iran katika benki zake, na ikaondoa mafundi wake wote. Wa mwisho waliondoka mwanzoni mwa mwezi wa kumi 1951. Kampuni ilitangaza kwamba atakayenunua petroli ya Iran atashtakiwa kama mnunuzi wa mali ya wizi. Makampuni mengine makubwa ya dunia yaliiunga mkono. Meli moja iliyothubutu kupakia petroli, Rose Mary, ilikamatwa Aden, ambayo ilikuwa chini ya Waingereza, katika mwaka wa 1952. Uchimbaji wa Iran ulianguka kutoka mapipa zaidi ya milioni 240 mwaka wa 1950 hadi karibu milioni 10 mwaka wa 1952.

Mosaddegh alichukua kesi yake mbele ya dunia. Mwezi wa kumi 1951 alikwenda New York kujitetea mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, ambalo liliahirisha shauri bila kuihukumu Iran. Alionana na Rais Harry Truman huko Washington. Wakati wa kurudi alipita Misri, na wakaaji wa Cairo walijaa barabarani kumpokea. Gazeti la Marekani Time lilimtaja kuwa mtu wa mwaka wa 1951, ingawa maneno yake juu yake hayakuwa ya sifa.

Mwezi wa sita 1952 alikwenda Den Haag, Uholanzi, ambako Uingereza ilikuwa imeishtaki Iran mbele ya Korti ya Kimataifa ya Haki. Hoja yake ilikuwa rahisi: mkataba wa 1933 ulikuwa kati ya serikali na kampuni, haukuwa kati ya inchi mbili, kwa hiyo korti haina uwezo wa kuhukumu. Tarehe 22 mwezi wa saba, waamuzi 9 dhidi ya 5 walimpa haki. Kati ya hao 9 alikuwamo mwamuzi Mwingereza.

Habari hiyo ilifika Tehran katika juma la damu. Siku sita mbele ya hukumu, Mosaddegh alikuwa amejiuzulu kwa sababu mfalme alikataa kumwachia wizara ya ulinzi. Kufuatana na katiba, alisema, jeshi linapaswa kuwa chini ya serikali. Mfalme alimweka mahali pake mzee wa siasa Ahmad Qavam. Tarehe 21 mwezi wa saba raia waliingia barabarani, askari wakafyatua risasi, watu wengi wakauawa. Jioni Qavam aliacha kazi, na Mosaddegh akarudishwa. Hao waliouawa siku ile ndio aliotaka kulala karibu nao.

Mizigo na makosa

Kurudi kwake kulimpa nguvu, lakini pia kulimwonyesha namna alivyobaki peke yake. Bila feza za petroli, serikali iliuza hati za deni kwa raia, ikapunguza vitu vinavyotoka inje, ikachapisha noti. Pamoja na shida hizo ilifanya mageuzi: wenye mashamba walilazimishwa kuacha asilimia 20 ya sehemu yao ya mavuno kwa faida ya wakulima na ya vijiji, na wafanyakazi walipata sheria ya bima. Mwezi wa kumi 1952 alikata uhusiano na Uingereza na kufunga ubalozi wake, akiamini kwamba ndimo njama zilimokuwa zinapikwa. Hakukosea, lakini njama ilihamia nyumba nyingine.

Kulikuwa na mapendekezo ya kupatana, yakiwemo ya Benki ya Dunia, na yote yalishindikana. Uingereza ilidai fidia ya faida ya miaka yote iliyobaki katika mkataba. Mosaddegh alikuwa tayari kulipa fidia ya mitambo, lakini si ya petroli iliyokuwa bado chini ya udongo. Hata hivyo baadhi ya marafiki zake waliona kwamba alikuwa anaogopa kutia sahihi lolote, asije akaitwa msaliti.

Makosa mengine yalikuwa ya ndani. Mwaka wa 1952 alisimamisha uchaguzi wa bunge kabla haujamalizika, baada ya kufika idadi ya wabunge waliotosha kukaa. Aliomba na kupata uwezo wa kutunga sheria peke yake kwa miezi sita, kisha akaongezewa mwaka mmoja. Wenzake waliomsaidia katika kutaifisha petroli, kama kiongozi wa dini Ayatollah Abol-Ghasem Kashani, walimgeukia. Mwezi wa nane 1953, alipoona kwamba wabunge wengine wananunuliwa ili wamwangushe, aliitisha kura ya maoni ya kuvunja bunge. Mahali pa kupigia kura ya ndiyo palitengwa na mahali pa kupigia kura ya hapana, hivyo kila mtu alionekana. Ndiyo ilipata zaidi ya asilimia 99. Mwanasheria aliyepinga udikteta mwaka wa 1925 alikuwa amewapa adui zake neno la kusema.

Siku ine za mwezi wa nane

Truman alikuwa amekataa kumwangusha. Lakini mwezi wa kwanza 1953 Dwight Eisenhower aliingia madarakani Marekani. Waziri wake wa mambo ya inje alikuwa John Foster Dulles, na ndugu yake Allen Dulles aliongoza CIA. Waingereza, ambao hawakuwa tena na ubalozi Tehran, waliacha kuwazungumzia Wamarekani juu ya petroli na wakawazungumzia juu ya hatari ya ukomunisti. Chama cha kikomunisti cha Iran, Tudeh, kilikuwa na nguvu mjini, ijapokuwa Mosaddegh hakuwa mkomunisti na chama hicho kilikuwa kimemshambulia mara nyingi.

Kermit Roosevelt, ofisa wa CIA na mjukuu wa rais wa zamani Theodore Roosevelt, alitumwa Tehran kusimamia kazi hiyo. Feza ziligawiwa kwa magazeti, kwa wabunge, kwa maofisa wa jeshi na kwa vikundi vya watu wa fujo. Mfalme aliogopa na kusitasita, kisha akatia sahihi amri mbili: moja ya kumwachisha Mosaddegh kazi, nyingine ya kumweka mahali pake Jenerali Fazlollah Zahedi, mtu ambaye Waingereza wenyewe walikuwa wamemkamata wakati wa vita wakimshuku kuwa upande wa Wajerumani.

Usiku wa tarehe 15, Kanali Nematollah Nassiri alipeleka amri nyumbani kwa waziri mkuu akiwa na askari. Mosaddegh alikuwa amekwisha kuonywa, na kanali ndiye aliyekamatwa. Asubuhi mfalme alipanda ndege kwenda Baghdad, kisha Rome. Mapinduzi yalionekana yameshindwa. Siku mbili zilizofuata umati uliangusha sanamu za wafalme, na kati ya umati huo walikuwemo pia watu waliolipwa ili kuwatisha wakaaji na kuonyesha kwamba wakomunisti wanachukua inchi. Mosaddegh aliamuru polisi warudishe utulivu, na wafuasi wake wakabaki majumbani.

Tarehe 19 asubuhi, makundi yalitoka upande wa kusini wa mji yakiimba jina la mfalme. Askari na vifaru waliungana nayo. Redio ilitekwa. Mchana vifaru vilizunguka nyumba ya waziri mkuu na kuipiga kwa saa nyingi, huku walinzi wake wachache wakijibu. Idadi ya waliokufa Tehran siku ile inatajwa mara nyingi kuwa kati ya 200 na 300. Mosaddegh alitoka kwa kupanda ukuta kuingia kwa jirani, na kesho yake akajitoa mwenyewe. Mfalme alirudi tarehe 22. Marekani, ambayo ilikuwa imekataa kumkopesha Mosaddegh, ilitangaza katika mwezi wa tisa msaada wa dola milioni 45 kwa serikali ya Zahedi.

Mshtakiwa

Mwezi wa kumi na moja, korti ya kijeshi ilimfungulia kesi ya uasi. Mzee huyo wa miaka 71 aligeuza kesi kuwa somo la sheria. Alisema korti hiyo haina haki ya kumhukumu waziri mkuu, kwamba mfalme hana uwezo wa kumfukuza waziri mkuu bila bunge, na kwamba kosa lake la kweli ni kutaifisha petroli. Alilia, alicheka, alibishana na mwendesha mashtaka, wakati mwingine alilaza kichwa juu ya meza kama mtu aliyelala. Mwendesha mashtaka alitaka auawe. Tarehe 21 mwezi wa kumi na mbili alihukumiwa miaka mitatu ya kifungo cha peke yake. Waziri wake wa mambo ya inje, Hossein Fatemi, hakuwa na bahati hiyo: alipigwa risasi tarehe 10 mwezi wa kumi na moja 1954, akiwa mgonjwa.

Mwaka uleule petroli ilipata mabwana wapya. Kwa sheria ilibaki mali ya Iran, lakini uendeshaji ulipewa muungano wa makampuni ya kigeni: asilimia 40 kwa kampuni ya zamani ya Waingereza, iliyojiita sasa British Petroleum, asilimia 40 kwa makampuni ya Marekani, 14 kwa Shell na 6 kwa Wafaransa. Faida iligawanywa nusu kwa nusu. Waingereza waliopigania yote walirudi na sehemu. Wamarekani, ambao mbele hawakuwa na kitu, walipata sehemu sawa na yao.

Mosaddegh alimaliza kifungo mwaka wa 1956 na kupelekwa Ahmadabad, ambako hakuruhusiwa kutoka. Walinzi walikaa mlangoni na jamaa tu ndio walioingia. Alishughulika na shamba na kuandika kumbukumbu zake, ambazo hazikuchapishwa kabla ya mfalme kuanguka. Mke wake alikufa mwaka wa 1965. Alipougua saratani alipelekwa Tehran kwa matibabu, na huko ndiko alikofia.

Baada yake

Kwa miaka 25 baada ya mapinduzi mfalme alitawala akisaidiwa na Marekani na polisi ya siri iitwayo SAVAK, iliyoundwa mwaka wa 1957. Vyama vya watu wa katiba, kama kile cha Mosaddegh, vilivunjwa. Misikiti haikuweza kufungwa. Hivyo hasira ya raia ilipopanda mwaka wa 1978, viongozi wa dini ndio waliokuwa na mahali pa kukusanya watu. Mfalme alikimbia mwezi wa kwanza 1979. Mwezi wa kumi na moja wanafunzi waliuteka ubalozi wa Marekani na kuwashikilia wafanyakazi wake siku 444, wakikumbuka kwamba mwaka wa 1953 mapinduzi yaliongozwa kutokea humo.

Utawala mpya haukumpenda sana Mosaddegh. Barabara ndefu ya Tehran iliyokuwa na jina la Pahlavi iliitwa kwa muda jina lake, kisha ikabadilishwa tena na kuitwa Valiasr. Lakini siku ya kutaifisha petroli imebaki sikukuu ya taifa. Mwaka wa 2000 waziri wa mambo ya inje wa Marekani, Madeleine Albright, alikubali kwamba inchi yake ilikuwa na mkono katika kumwangusha, na mwaka wa 2013 CIA yenyewe ilitoa hati zinazokiri hivyo.

Wakongomani wanayajua baadhi ya majina ya hadithi hii. Mwaka wa 1960, Patrice Lumumba alipokuwa waziri mkuu wa Kongo, Eisenhower alikuwa bado rais na Allen Dulles bado mkuu wa CIA. Tarehe 5 mwezi wa tisa Rais Kasa-Vubu alitangaza kumwachisha Lumumba kazi, na ubishi ukazuka tena juu ya nani mwenye uwezo wa kumfukuza waziri mkuu mwenye bunge nyuma yake. Lumumba hakupata korti. Aliuawa Katanga tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961, mbele ya maofisa Wabelgiji. Mosaddegh alikuwa hai bado, amefungiwa katika shamba lake. Alikufa miezi miwili baada ya Kinshasa kutwaa mali ya Union Minière, kampuni iliyochimba shaba ya Katanga tangu wakati wa ukoloni.

Tarehe 5 mwezi wa tatu 1979, miaka 12 baada ya kifo chake na majuma machache baada ya mfalme kukimbia, umati mkubwa ulisafiri mpaka Ahmadabad kumkumbuka kwa mara ya kwanza bila kuogopa. Kaburi liko palepale, chini ya sakafu ya chumba. Ombi lake la kuzikwa pamoja na waliouawa mwaka wa 1952 halijatimizwa.